Bolti Iliyoshika Kutu: Kipi Kiharibiwe Kwanza

Kwa mujibu wa kitabu cha ukarabati, kubadilisha mkono wa chini wa gari dogo ni kazi ya asubuhi moja. Unatoa tairi, unaachanisha boljointi, unafungua bolti mbili zinazoshika mkono kwenye krosimemba, unashusha wa zamani, unapandisha mpya, unakaza. Kinachoigeuza kazi hiyo kuwa ya siku tatu, na wakati mwingine kuliacha gari juu ya mawe uani mwezi mzima, ni bolti moja iliyoganda. Ushauri anaopewa mtu aliyefika hapo karibu wote ni wa nguvu: chomeka bomba refu zaidi kwenye mpini wa spana, tafuta nyundo nzito zaidi, nunua dawa ya kutu iliyo kali zaidi. Nguvu ina nafasi yake, lakini inatanguliwa na jambo ambalo husemwa mara chache. Mahali hapo pana vitu vitano vilivyoshikana: bolti, nati, bushi, mkono, na mwili wa gari wenyewe. Kimoja au viwili kati yake vitaharibika. Anayeamua mapema ni vipi, akapanga kazi yake kuelekea huko, hupoteza bolti na bushi, na bushi alikuwa anaitoa ili aitupe. Asiyeamua huachia chuma kiamue, na chuma huvunjika palipo dhaifu bila kujali bei ya kilichovunjika.

Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu asiyejua bolti imegandia wapi. Tazama jinsi bushi ya kawaida ilivyoundwa. Katikati kuna bomba dogo la chuma. Nje yake kuna mpira uliogandishwa kwenye bomba hilo. Nje ya mpira kuna ringi nyingine ya chuma iliyoshindiliwa ndani ya tundu la mkono. Bolti hupita katika lile bomba dogo, na ikishakazwa, masikio mawili ya krosimemba hulibana bomba kiasi kwamba halizunguki tena. Mkono unapopanda na kushuka barabarani, kinachojisokota ni mpira. Bolti na bomba hukaa vilevile kwa miaka. Kukaa huko ndiko kunakoponza, kwa sababu vyuma viwili vilivyokaribiana bila kusogea hunasa maji kwenye mwanya mwembamba ulio kati yake, na maji yakiingia humo hayana haraka ya kutoka. Kwa hiyo bolti ya aina hii ina sehemu mbili za kugandia: kwenye meno, pale inapoingia katika nati, na shinani, ndani ya bomba la bushi. Kwa macho tatizo linaonekana moja. Dawa zake ni tofauti kabisa.

Bolti iliyogandia kwenye meno haigeuki, au hugeuka kwa mikwaruzo na milio bila kurudi nyuma. Iliyogandia shinani hujisaliti kwa namna nyingine. Nati yake ikiwa ni ya kutoka, nati hufunguka vizuri lakini bolti haisogei. Ukikizungusha kichwa kinakubali kidogo, kisha kinarudi kilikotoka, kwa kuwa bolti imeshika bomba, bomba limeshika mpira, na mpira unalirudisha. Nati ikiwa imechomelewa ndani ya krosimemba, bolti hulegea mzunguko mmoja au miwili, kichwa kikaachana na sikio milimita chache, halafu inakaza upya kana kwamba inafungwa. Sababu ni kwamba meno yanaisukuma bolti nje, bolti inalivuta bomba, na bomba limefika kwenye sikio la krosimemba, halina pa kwenda. Kuendelea kulazimisha hapo ni kupinda sikio, kukata kichwa cha bolti, au kung'oa nati ilikochomelewa. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana nati inayozunguka bure ndani ya chuma kilichofungwa pande zote haifikiwi mpaka pakatwe dirisha. Fundi mzoefu huisoma dalili hii kwa mkono na kuacha papo hapo. Anayeifanya kazi hii kwa mara ya kwanza huona kuwa sasa inatoka, akaongeza nguvu.

Tabia ya kutu yenyewe inaeleza kwa nini nguvu haitoshi. Chuma kinapogeuka kutu kinavimba: kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kuanzia mara mbili hadi mara sita, kutegemea aina yake na maji yaliyomo. Ni uvimbe huohuo unaopasua nguzo za zege katika nyumba za pwani pale nondo zinapoliwa ndani. Katika bomba la bushi kutu haina pa kupanukia, hivyo hujishindilia kati ya bolti na bomba mpaka mwanya wote unajaa. Kinachoishika bolti basi ni mbano, na mbano huo umeenea urefu wote wa bushi, sentimita nne, tano au sita. Kwenye magari yenye mikono ya aluminiamu mambo hugeuka kidogo: aluminiamu ndiyo inayoliwa, ikitoa unga mweupe unaobana vilevile, na maji ya chumvi yakiwepo uharibifu huenda kasi, kwa kuwa metali mbili tofauti zikiunganishwa na maji hayo hupitisha umeme mdogo kati yake na ile dhaifu ndiyo inayolika.

Chumvi ndiyo inayofanya jambo hili liwe letu. Pwani kuanzia Lamu hadi Mtwara, na visiwani Unguja na Pemba, hewa ya bahari huleta chumvi mpaka chini ya gari hata lile lisilokanyaga mchanga wa ufukweni. Hilo linajulikana. Linalosahaulika ni chumvi iliyokuja na gari kutoka lilikozaliwa. Magari madogo mengi ya Kenya, Tanzania na Uganda yametumika Japani kwanza. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania huyapokea hata yenye umri mkubwa zaidi, ila kwa ushuru wa ziada. Ndani ya miaka hiyo gari linaweza kuwa limeishi Hokkaido, Tohoku au Niigata, mikoa ya theluji nyingi, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia matairi yenye misumari kwa sababu ya vumbi lililokuwa linakwanguliwa kwenye lami, na barabara zilipobaki na barafu laini inayoteleza zaidi, matumizi ya chumvi yakaongezeka. Ndiyo sababu gari la Dodoma au Nakuru, lisilowahi kuiona Bahari ya Hindi, linaweza kuwa na bolti zilizoganda kuliko la Mombasa. Mnunuzi anao ushahidi mkononi kabla hajalipa: karatasi ya mnada ya Kijapani huweka herufi S penye kutu na C palipoliwa na kutu, na namba kubwa zaidi pembeni ya herufi huonyesha hali mbaya zaidi. Watu husoma karatasi hiyo wakitafuta mikwaruzo ya rangi. Maandishi kuhusu sehemu ya chini ya gari yanastahili kusomwa kwanza, kwa sababu mkwaruzo hauzuii mtu kubadilisha bushi.

Dawa za kutu ndizo zinazonunuliwa mwanzo na ndizo zinazotarajiwa mno. Hufanya kazi kwa kujipenyeza: mafuta mepesi hunyonywa na mwanya mwembamba, yakapunguza msuguano na kuifanya kutu isagike. Kwa bolti iliyogandia kwenye meno, hasa ile ambayo ncha yake imejitokeza upande wa pili wa nati, ni msaada wa kweli mradi upewe muda. Kupuliza na kushika spana dakika tano baadaye ni kuimwaga dawa chini. Kupuliza usiku, asubuhi, na usiku tena, baada ya kusugua meno yaliyo wazi kwa brashi ya waya, na kukigonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo kila mara ili mtikisiko ufungue njia, ni kazi nyingine kabisa. Swali la dawa ipi ni dogo kuliko ubishi unaolizunguka. WD-40 ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye makombora. Kulegeza bolti haikuwa kazi yake ya kwanza, ingawa husaidia. Mafuta ya gia otomatiki yaliyochanganywa na asetoni yana sifa kubwa miongoni mwa mafundi, na dizeli au mafuta ya taa hutumika pasipo na kingine. Muda una uzito kuliko chapa iliyo kwenye kopo. Lakini kwa bolti iliyogandia shinani hesabu inabadilika. Ncha za bomba zimebanwa na masikio, dawa inaishia ukingoni, na mbele yake kuna sentimita kadhaa za kutu iliyoshindiliwa. Mtu anaweza kumaliza kopo zima na wiki nzima hapo. Kwa hali hiyo dawa ijaribiwe usiku mmoja, kwa sababu haigharimu kitu kujaribu, kisha ihesabiwe kuwa imeshindwa.

Moto una nguvu zaidi na madhara zaidi. Chuma hutanuka takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Nati ya bolti ya milimita 14 ikipashwa nyuzi 400 kuzidi bolti yenyewe, tundu lake hupanuka karibu milimita 0.07. Jicho halioni tofauti hiyo, lakini inatosha kupasua tabaka la kutu, na ikiwa bolti itageuzwa nati ingali ya moto, mara nyingi hutoka. Tatizo ni majirani wa nati. Mpira wa bushi huanza kuungua muda mrefu kabla chuma hakijawa chekundu, na moshi wake ni mzito na mbaya kwa mapafu. Bushi za baadhi ya magari zina kimiminika ndani, na zikipashwa zinaweza kupasuka. Shokapu ina mafuta, na nyingi zina gesi yenye shinikizo. Kuweka moto karibu na bolti yake ya chini ni kuhatarisha uso. Paipu za breki na za petroli hupita palepale. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika rangi kwanza, kwa hiyo anayesubiri iwe nyekundu ataona ikidondoka. Zaidi ya hayo, baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini, na zikichomwa hutoa fosijini, gesi ya sumu iliyotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Sehemu iliyopulizwa dawa hiyo isiguswe na moto. Bolti yenyewe ikishachomwa hadi kuwa nyekundu imepoteza ugumu iliopewa kiwandani, na haifai kurudishwa kwenye gari hata kama inaonekana nzima. Moto, kwa ufupi, ni silaha ya kutumia dhidi ya nati baada ya mpira kuondoka mahali hapo. Jinsi mpira unavyoondoka ndiyo kiini cha suala lote, na nitalifikia.

Kuhusu kugonga na mashine za kufungulia nati, maneno machache yanatosha. Mashine ya mapigo hushinda mikono kwa meno yaliyoganda, kwa sababu mapigo mafupi huvunja kutu bila kuisokota bolti mfululizo. Kwa shina lililoganda inakutana na mpira, na mpira unayameza mapigo. Nguvu inayobaki huishia shingoni mwa bolti, inakokatika. Nyundo hufaa kuisukuma bolti kutoka nyuma, mradi nati iachwe juu yake ikiwa sawasawa na ncha ili meno yasivimbe, na mradi mtu asijidanganye: bolti isiyosogea hata kidogo baada ya mapigo kumi mazito ya nyundo ya kilo mbili haitasogea kwa pigo la hamsini, ila mkunjo wa sikio la krosimemba utaonekana.

Sasa turudi kwenye vile vitu vitano. Bushi imechakaa, ndiyo iliyoleta kazi. Mkono wa chini katika maduka mengi ya spea, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kiseka jijini Kampala, huuzwa ukiwa mzima na bushi zake ndani, kwa hiyo ule wa zamani nao unakwenda kwenye chuma chakavu. Bolti iliyoliwa kiasi cha kuganda haipaswi kurudi hata ikitoka salama. Vinavyobaki na thamani ni nati iliyochomelewa na krosimemba au chesisi iliyoibeba. Ukipanga hivyo, jibu linajitokeza: kata. Ringi ya nje ya bushi ni fupi kuliko bomba la ndani, hivyo kati ya mkono na kila sikio pana nafasi ya milimita chache, yenye mpira tu na ncha ya bomba. Msumeno unaingia hapo, unakata bomba na bolti kwa pamoja, upande wa kichwa na upande wa nati. Mkono unadondoka ukiwa na kipande cha katikati ndani yake, na ugomvi wake na bolti hauna maana tena. Kipande cha kichwa kinaanguka chenyewe. Kinachobaki ni kisiki cha bolti ndani ya nati, kisichobanwa na kitu, kisichozungukwa na mpira, ambacho sasa kinaweza kupashwa moto, kupulizwa dawa pande zote mbili, kushikwa kwa vaisigripu au kuchomelewa nati nyingine juu yake na kuzungushwa nje. Kukata kunageuza tatizo moja lisilotatulika kuwa matatizo mawili madogo ambayo dawa na moto vinaweza kuyamaliza.

Hata ile dalili ya bolti kulegea kidogo kisha kukaza upya inakuwa na faida ukiitazama kwa jicho hili, kwa sababu zile milimita chache zilizopatikana chini ya kichwa ni njia nyingine ya msumeno. Msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi wenye wembe wa metali mbili hukata bolti ngumu kwa dakika kadhaa. Msumeno wa mkono hufanya kazi ileile kwa jasho na wembe zaidi ya mmoja. Grenda ni ya haraka kuliko yote na ya hatari kuliko yote: cheche zake huwasha grisi na rangi ya lami iliyopakwa chini ya gari, na diski iliyobanwa kwenye mwanya mwembamba hupasuka. Tangi la petroli likiwa karibu, grenda iachwe kabisa.

Si kila bolti inatoa nafasi hiyo, na hapa hoja yangu inahitaji kunyooshwa. Katika Subaru Impreza na Forester za vizazi vya awali, bolti moja ndefu hupita katika chuma kinachobeba beringi ya gurudumu la nyuma, ikiunganisha mkono wa pembeni wa mbele na wa nyuma. Inapogandia humo, kilichoishika ni chuma cha thamani. Mikono inaweza kukatwa na kuachanishwa, lakini kipande cha katikati kinabaki ndani, na mara nyingi chuma chote lazima kishushwe na kupelekwa kwenye mashine ya kushindilia. Hata hapo mpangilio wa hasara haubadiliki: ni bora kupoteza bolti na mikono miwili na kubeba chuma cha beringi mkononi kwenda kwa mwenye mashine, kuliko kukipiga nyundo kikiwa kwenye gari mpaka beringi, ambayo haikuwa na tatizo, ianze kulia.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni la spea. Kukata ni rahisi kusema kwa mtu aliye na duka la bolti mpya karibu, wakati hapa bolti halisi huagizwa, na duka la kona lina bolti za mabati ya paa. Pingamizi hili ni sahihi, na jibu lake ni la utaratibu: bolti mbadala itafutwe kabla msumeno haujashikwa. Bolti za saspensheni kwa kawaida ni za daraja la 10.9 au 8.8, na namba hizo zina maana. Ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata mkazo wa kuikata, kwa nyutoni kwa kila milimita mraba. Ya pili inaonyesha ni sehemu gani ya mkazo huo bolti huvumilia kabla haijanyooka isirudi. Bolti ya 10.9 inahimili 1,000, ikianza kunyooka kwenye 900. Ya daraja la 4.6, inayojaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, inakatika kwenye 400 na kuanza kunyooka kwenye 240. Kuweka hiyo mahali pa ile ni kumpa dereva gari ambalo gurudumu lake linaweza kuhama akiwa mwendo kasi. Wakazi wa pwani hushawishika pia na bolti ya chuma kisichoshika kutu, na ushawishi huo unaeleweka, lakini aina ya kawaida ya A2-70 inakatika kwenye 700 na kunyooka kwenye 450, na meno yake yana tabia ya kung'ang'aniana yanapokazwa. Iliyo bora, kama mpya haipatikani, ni bolti ya aina ileile kutoka gari lililochinjwa, yenye shina safi, isiyo na dalili ya moto wala mkunjo. Ichukuliwe pamoja na kipimo cha meno, kwa sababu magari ya Kijapani hutumia sana meno membamba ya 1.25 kwenye bolti za milimita 12, na nati ya 1.75 iliyo tele madukani haikubaliani nayo.

Wengine watasema haya yote ni kupoteza muda, kwa kuwa fundi mwenye gesi ya kuchomelea humaliza kazi hiyo kwa robo saa. Mara nyingi ni kweli, na mtu mwenye fundi wa namna hiyo jirani ana sababu nzuri ya kumlipa. Lakini tazama anachofanya fundi huyo kwa kawaida: huchoma mpaka bushi inateketea, kisha huzungusha au hukata. Naye pia ameamua kuitoa mhanga bushi ili aokoe nati. Tofauti ni kifaa, na ni uzoefu wa kujua paipu ya breki iko wapi. Mtu wa nyumbani asiye na gesi hana haja ya kuiga moto wake kwa burna ndogo ya kambi, ambayo itaunguza mpira taratibu bila kulifikisha joto kwenye nati. Aige uamuzi wake, atumie msumeno.

Pingamizi zito zaidi linasema kazi hii isifanyike nyumbani hata kidogo. Ninalichukua kwa uzito, kwa sababu bolti iliyoganda inabadilisha hatari ya kazi. Kubadilisha bushi kwenye gari lililosimamishwa vizuri ni kazi ya utulivu. Kuvuta mpini wa mita moja kwa nguvu zote ukiwa chini ya gari hilohilo ni kulisukuma kando. Jeki peke yake hushindwa hapo, na matofali ya saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Asiye na stendi za chuma mbili na ardhi ngumu iliyo sawa apeleke gari gereji, na hilo halina mjadala. Kuna pia nguvu iliyofichwa: kwenye magari ambayo springi imekalia mkono wa chini, kukata bolti bila kuwa na jeki chini ya mkono ni kuifungulia springi, na inaweza kuua. Kwenye magari ambayo springi imefungwa pamoja na shokapu, mkono wa chini hauna mzigo huo, ingawa stabilaiza bado inaweza kuusukuma ikiwa gurudumu moja tu limeinuliwa. Lakini ukizingatia hayo, pingamizi linageuka kuwa hoja ya kukata mapema. Ajali nyingi za kazi hii zinatoka kwenye kulazimisha: spana inayochomoka, kichwa kinachokatika ghafla, gari linalotikiswa. Msumeno haulisukumi gari.

Mahali ambapo kazi nzima huamuliwa kwa miaka inayofuata ni wakati wa kurudisha, na ndipo panapofanywa kwa haraka kuliko pote, mtu akiwa amechoka na giza likiingia. Tundu la krosimemba lisuguliwe, nati isafishwe kwa tapu ya meno yake, na shina la bolti mpya lipakwe grisi nzito isiyooshwa na maji, urefu wote unaokaa ndani ya bomba. Mafundi wengine hukataa grisi kabisa, wakisema inaharibu kipimo cha kukaza, na wana msingi. Takriban asilimia 90 ya nguvu inayotolewa kwenye spana humezwa na msuguano, chini ya kichwa na kwenye meno, na asilimia 10 tu ndiyo inayovuta bolti. Ukilainisha meno kwa grisi na kukaza kwa kipimo kilekile, bolti inavutwa kupita ilivyokusudiwa. Hata hivyo pingamizi lao linahusu meno na chini ya kichwa, wakati tatizo letu liko shinani, na shina haligusi hesabu hiyo. Grisi ipakwe shinani, meno yabaki kama kitabu cha gari kinavyotaka, na nyuso za bomba na masikio zinazobanana zifutwe zikauke, kwa kuwa msuguano wao ndio unaozuia bomba lisizunguke. Bolti zenye duara la kurekebishia pembe za gurudumu, zilizo kwenye mikono ya nyuma ya magari mengi, zinahitaji grisi hiyo kuliko zote. Zikiganda, gari hukataliwa kwenye mashine ya alaimenti na matairi hulika upande mmoja hata kama hakuna bushi iliyokufa.

Kukaza kwa mwisho kusifanyike mkono ukiwa unaning'inia. Bolti ziingizwe na kushikizwa tu, tairi lirudishwe, gari lishuke au mkono uinuliwe kwa jeki mpaka urefu wa kawaida wa gari, litikiswe ili springi zikae, ndipo spana ya kipimo itumike. Bomba la bushi likibanwa gari likiwa juu, mpira huanza maisha yake ukiwa umesokotwa, na gari likishuka husokotwa kwa pembe ile yote hata likiwa limeegeshwa. Bushi ya namna hiyo hupasuka mapema sana, na bolti ileile italazimika kufunguliwa tena.